Mmbea wa Gazetini na Magari Yaliyoegeshwa Vibaya

Nyie vijana mnaotafsiri filamu za kutazamwa kwenye simu, mmekaa kitandani na kompyuta mapajani, mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yangu ya zamani. Mmesema iwe fupi kwa sababu watu siku hizi hawasomi. Nimewasikia. Ila mimi nimekula kwa mdomo maisha yangu yote, na mtu wa namna hiyo ukimwambia afupishe ni sawa na kumwambia mpishi wa pilau apike wali mweupe. Atapika, lakini uso wake mtauona.

Kwa wasionijua, nilikuwa mtafsiri wa filamu kwenye kibanda umiza kule Manzese, Dar es Salaam. Kibanda umiza ni chumba cha mabati chenye televisheni moja, mabenchi yasiyo na mgongo, na joto ambalo ungeweza kukaangia chapati. Filamu inakuja kwa Kiingereza, Kihindi au Kichina. Mimi nakaa pembeni na kipaza sauti, napunguza sauti ya filamu, kisha kila anayefungua mdomo namsemea kwa Kiswahili. Kichina sikijui. Kihindi najua salamu tu. Na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kutoka pale akilalamika kwamba hakuelewa.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Kondo, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuwa akinywa tangawizi kabla ya kazi na maziwa hayagusi, akisema maziwa yanafanya jambazi aongee kama mwari. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: usitafsiri mdomo, tafsiri uso, maana mdomo wa Mzungu unaweza kusema lolote lakini uso wake hauna lugha. Nyie mnaanza na maandishi yaliyotafsiriwa na mashine, halafu mnashangaa kwa nini mtu aliyefiwa anaongea kama tangazo la sabuni.

Somo lingine lilihusu mabusu. Kibandani walikuwa wanaingia watu wazima, watoto wao, na mara nyingine mama mkwe wa mtu. Busu likikaribia, Mzee Kondo alikuwa anamfanya mwanamume aseme, "Tulia nikupulize, una kibanzi jichoni." Basi nchi nzima ya Marekani ilikuwa inapulizana vibanzi. Kuna mzee wa Manzese alifariki akiamini kwamba kule Marekani kuna vumbi sana.

Halafu kulikuwa na somo la sauti, na hili lishikeni vizuri kwa sababu nitalirudia. Alisema bunduki ikilia ongea juu yake, maana bunduki haina la kusema. Lakini mtu akinong'ona, nyamaza kwanza umsikilize. Nusu ya kwanza niliishika haraka, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inachekesha watu. Nusu ya pili niliiona ya kizee.

Na palikuwa na mila ya mbishi. Siku zote kibandani hakosekani mtu mmoja aliyefika kidato cha nne, atasimama katikati ya filamu aseme, "Hajasema hivyo huyo." Mahali pengine wangemtoa nje. Kwetu Mzee Kondo alikuwa anamnyooshea kipaza sauti na kumwambia, "Shika wewe." Ndiyo ilikuwa sheria: ukibisha, unashika. Mbishi anashika, anasema sentensi moja, ya pili inamkwama kooni, anarudi kukaa na heshima yake mfukoni. Katika miaka yangu yote ya Manzese sikuona mbishi aliyefika mwisho wa filamu.

Sasa hamisheni macho. Magoti yangu yalipochoka, binti yangu Rehema alinileta huku Toronto. Tunakaa Weston, ghorofani, jengo la zamani karibu na mto Humber. Dirisha langu linatazama reli. Treni ya uwanja wa ndege inapita chini yangu mchana kutwa, na mwanzoni kila nikiiona nilikuwa nadhani inakuja kunirudisha nyumbani. Baadaye nikaizoea, ikawa ndiyo sinema yangu.

Rehema alipoona nimeanza kuitafsiria hata mikutano ya bunge la Kanada kwenye televisheni, akanipeleka kwenye chama cha wazee kule mtaa wa Jane na Finch. Kila Jumamosi mchana tunakutana katika ukumbi wa kanisa: Wakenya wengi, Watanzania kiasi, na Wakongo wachache wanaovaa vizuri kutuzidi sote. Waislamu tunaswali kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, chini ya picha za safina ya Nuhu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Anayeendesha chama ni Mama Ciku, Mkenya anayekaa Pickering, mji wa jirani, muuguzi. Wiki nzima anahudumia wazee wa watu kwa mshahara, kisha Jumamosi anahudumia wazee wake bure. Mumewe, Baba Ciku, jina lake Gitau, alikuwa mhasibu Nairobi. Huku tulimjua kama mtu wa tai na mkoba. Hata Jumamosi anakuja na tai, na ukimuuliza kazi anakwambia yuko kwenye ofisi ya bima, katikati ya jiji.

Niwafundishe na hili, maana halimo vitabuni. Katika mji huu, kwenye harusi na misiba yetu, mwanamume ukimuuliza anafanya kazi gani hakwambii anafanya nini. Anakwambia yuko wapi. "Niko downtown." "Niko kwenye logistics." "Niko healthcare." "Niko aviation." Yaani katikati ya jiji, mizigo, afya, ndege. Ukiwa mgeni unaweza kudhani uchumi wa Kanada umeshikwa na watu wa kwetu. Mimi nilinyamaza kwa sababu na mimi nilipoulizwa nilikuwa najibu, "Niko kwenye filamu."

Siku moja Mama Ciku akaja na wazo: Jumamosi ijayo Mzee atutafsirie filamu, kama zamani. Nilifurahi mpaka magoti yakaacha kuuma. Kumbe nilikuwa sijaijua kamati.

Kamati ilikaa kuchagua filamu. Mchungaji akasema isiwe na bunduki, kwa sababu ya wenzetu waliokimbia vita, na hilo nililikubali. Mwalimu wetu wa madrasa akasema isiwe na matiti wala pombe. Mama mmoja wa Mombasa akakataa majini. Mwingine akakataa mbwa. Mzee mmoja akakataa siasa, hata ya nchi nyingine. Rehema, aliyekuwa ameleta kompyuta, akawa anafuta filamu moja baada ya nyingine mpaka ikabaki moja tu: filamu ya kale ya Hollywood, nyeusi na nyeupe, ya enzi zile ambazo ndiyo kwanza walikuwa wamejua kuzifanya ziseme. Ilikuwa inahusu mwandishi wa gazeti ambaye kazi yake ni umbea. Anasikiliza kwenye migahawa na milango, asubuhi anaandika mambo ya watu bila kuwataja majina, na mji mzima unanunua gazeti ili kujua ni nani.

Nilisubiri mtu apinge. Mchungaji akamtazama mwalimu wa madrasa, mwalimu akamtazama mchungaji. Wote wakasema hiyo haina ubaya. Matiti dhambi, mbwa dhambi, ila umbea ulipita bila kupingwa.

Jumamosi ikafika. Theluji imetanda, mabuti yamejaa mlangoni, chai ya maziwa inachemka jikoni. Nikapewa kipaza sauti kile wanachotumia kwaya. Nikanywa tangawizi yangu. Filamu ikaanza, na hapo nikajua nimeingia pabaya, kwa sababu watu wa filamu zile za mwanzo wanaongea haraka kama wanakimbizwa na polisi. Hakuna anayepigana, hakuna anayekimbia, ni maneno matupu. Nikamwita yule mwandishi Bwana Fununu, nikampa sauti ya puani, nikaanza kazi. Baada ya muda mfupi ukumbi ulikuwa wangu. Wazee ambao sikuwahi kuona meno yao nikayaona.

Sasa ikafika sehemu ya mkoba. Kwenye filamu yenyewe ni hivi: Bwana Fununu anasikia habari ya karani mmoja wa benki aliyefukuzwa kazi, naye kwa aibu hajamwambia mkewe. Kila asubuhi anavaa tai, anabeba mkoba, anaenda kukaa kwenye bustani mpaka jioni. Bwana Fununu anaiandika gazetini bila jina. Tunaonyeshwa karani kwenye benchi, anafungua mkoba, anatoa mkate.

Mkate ungemchekesha nani? Mzee Kondo alinifundisha kwamba filamu ni nguo ya mtumba, lazima uipunguze imkae mtu wa hapa. Nikatazama ndani ya kichwa changu nikaona kitu kinachopita chini ya dirisha langu kila siku. Nikamfanya Bwana Fununu aseme kwamba kuna bwana mmoja wa mji huu, mke anajua yuko ofisini, kumbe mle mkobani mna buti zenye chuma puani na jaketi la kung'aa, na kila asubuhi anapanda treni ya uwanja wa ndege. "Akifika chooni anabadilisha," nikasema. "Anaingia bosi, anatoka kibarua."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Lakini mimi ni mtu wa kazi, nasikia ukumbi hata nikiwa naongea, na kicheko kile kilikuwa cha upande mmoja. Upande wa wanaume palikuwa kimya kama kwenye mtihani.

Baba Ciku akasimama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anaenda kutazama gari lake, anafikiri ameliegesha vibaya. Mwingine akasimama, naye gari. Kisha wa tatu. Akasimama mpaka Papa Mbuyi, Mkongo, ambaye alikuja kwa basi. Siku ile magari ya Afrika Mashariki na Kati yote yalikuwa yameegeshwa vibaya.

Mimi nikafurahi kwamba nimebaki na wanaocheka. Kwenye filamu akatokea mke wa karani, akaja akakaa naye pale kwenye benchi, akamwambia kitu kwa mnong'ono. Kicheko kilikuwa bado kimepamba moto na mimi sikutaka kizimike. Nikamfanya yule mama aseme, "Umesahau funguo za nyumba." Watu wakacheka tena. Mama Ciku hakuwepo, alikuwa jikoni anamimina chai.

Jumapili simu ikaanza. Wa kwanza alinisalimia kwa heshima, akaniuliza nani amenieleza habari zake. Nikamwambia sijui habari zake. Akasema nisijifanye, yeye hajawahi kubadilishia nguo chooni, anabadilishia kwenye gari. Wa pili akasema ghala analofanya kazi haliko hata karibu na uwanja wa ndege, na kwamba cheo chake ni msimamizi, wa watu wawili lakini ni msimamizi. Wa tatu, mwanamke, alitaka kujua kama nitasema na habari za masomo, kwa sababu ile shahada aliyosema anayo atakuja kuimalizia. Kuna mwenzetu wa Weston hapa hapa, huwa tunakutana kwenye lifti, aliacha lifti akawa anapanda ngazi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi kwangu lilikuja kwa simu. Yule mmbea wa kwenye filamu alikuwa anahangaika kusikiliza kwenye milango, mimi nimekaa sebuleni na blanketi magotini, watu wananipigia kunieleza siri zao kwa hasira. Nilirusha jiwe gizani bila kulenga, nikasikia yowe kila upande. Na niseme ukweli, siku mbili za kwanza nilifurahia. Nilijihisi mtu mkubwa. Nilimsimulia Rehema kila simu, akaniambia, "Baba, wewe sasa ndiyo huyo wa kwenye filamu, umebakiza kofia."

Jumatano akaja Mama Ciku. Kutoka Pickering mpaka Weston si karibu, na alikuja na nguo za kazini. Alikaa kwenye kiti changu bila kuvua koti, na chai niliyomwekea hakuigusa. Nikajua hapa hakuna kicheko.

Alinieleza kwamba mumewe hayupo nyumbani. Yuko kwa binamu yake Scarborough tangu Jumamosi jioni. Hakugombana, hakupiga kelele. Alichukua tai zake na ule mkoba. Alichomwambia mkewe ni kwamba yeye mke ndiye amemuuza kwa mzee wa Weston ili watu wacheke, kwa sababu shughuli ya filamu tuliipanga kwa simu mimi na Mama Ciku, na asingekuwa yeye mimi ningejuaje habari za buti na treni. Baba Ciku anasafisha ndege. Abiria wakishuka wao wanaingia, wanazoa, wanafuta, wanatoka kabla wengine hawajapanda. Ofisi ya bima ilimwachisha kazi siku nyingi.

"Kwa hiyo hukujua mpaka Jumamosi," nikamwambia.

Akanitazama kama wauguzi wanavyomtazama mgonjwa anayesema amekunywa dawa.

"Mzee, mimi ndiye hupiga pasi mashati yake. Unadhani siwezi jua shati limevaliwa na shati limebebwa tu? Nimejua kitambo sana. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe."

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema. Lakini kata haiwezi kusema, na hapo ndipo palipokuwa na shida yake. Akimwambia mumewe kwamba hakujua, ni uongo, na swali la nani aliniambia linabaki pale pale. Akimwambia alijua, basi mwanamume anajua kwamba miaka yote hiyo alikuwa anaagwa mlangoni na mtu anayeona kila kitu, na hilo lingemuua kuliko kicheko cha ukumbi. Ciku, binti yao, anaolewa kiangazi. Baba yake alikuwa amesema hatakuja hata kwenye maombi ya kabla ya harusi. Nyumba ilikuwa inavunjika kwa sababu ya buti nilizoziokota dirishani kwangu ili nipate kicheko.

Nikasema nitamtafuta nimweleze. Akasema hapokei simu ya mtu. Nilijaribu, na kweli hakupokea.

Ijumaa kamati ikaamua yenyewe. Malalamiko yalikuwa yamezidi, na la ajabu hakuna aliyesema anachokilalamikia. Kila mmoja alisema anawasemea wengine. Mchungaji akasema Jumamosi filamu irudiwe, watu wajionee wenyewe kilichosemwa na Wamarekani na kilichosemwa na Mzee. Mimi nikajua nimekwisha, maana filamu haina buti wala treni. Lakini nikaona kuna faida moja. Nikifedheheka mbele ya watu wote, Baba Ciku atajua maneno yalitoka kichwani kwangu na si kwa mkewe. Nikamwomba binamu yake wa Scarborough amfikishie kwamba Jumamosi mzee wa Weston anaaibishwa hadharani. Habari ya namna hiyo mtu haikosi hata akiwa mgonjwa.

Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Baba Ciku alikuja, akasimama nyuma karibu na mabuti, tai shingoni, mkoba mkononi. Mama Ciku alikaa mstari wa mbele, hakugeuka.

Nikatafsiri kwa woga, bila mizaha. Tulipofika kwenye benchi, karani akafungua mkoba, sauti ya Baba Ciku ikatoka nyuma.

"Simamisha hapo. Huyo mzee alitudanganya. Filamu haisemi mambo ya buti. Haisemi treni. Mimi nimesikiza Kizungu hiki, hakuna kitu kama hicho."

Hakuna aliyemuuliza yeye buti zinamuuma nini. Watu wa huku wana adabu. Lakini shingo zote ziligeuka, na nafikiri hapo ndipo yeye mwenyewe alipotambua amesimama wapi. Alibaki kama mtu aliyeingia chumba cha watu.

Na mimi, sijui niseme nini, mwili ulikumbuka kabla ya akili. Kwetu kuna sheria. Nikainuka, magoti yakilia, nikaenda mpaka nyuma, nikamnyooshea kipaza sauti.

"Umesema kweli, hayo niliyatunga, hakuna mtu aliyeniambia kitu," nikasema ili ukumbi wote usikie. "Sasa shika wewe."

Nilidhani atakataa. Akaweka mkoba chini, akashika. Rehema akaongeza sauti ya filamu, maana huyu alitaka kusikia Kiingereza chenyewe. Baba Ciku akaanza kutafsiri kama mtu anayesoma taarifa ya mwaka. "Bwana huyu amekaa kwenye benchi. Anakula mkate. Anasema mkate ni mkavu." Hakuna aliyecheka na hakuna aliyeondoka. Nikasema moyoni, sentensi ya nne itamkwama.

Akatokea yule mke. Akakaa kwenye benchi. Akanong'ona, na safari hii mimi nilikuwa nimenyamaza, kwa hiyo kwa mara ya kwanza ukumbi mzima tulimsikia. Wanaojua Kiingereza walikuwa tayari wameelewa. Wengine walikuwa wanamngoja Baba Ciku.

Akainua kipaza sauti, akakishusha. Akakiinua tena.

"Anasema," akasema, sauti imepungua, "anasema, nilijua. Nilijua tangu mwanzo."

Kisha hakuendelea. Karani wa kwenye filamu alikuwa ameshika kichwa. Baba Ciku alikuwa hatazami filamu tena, anatazama kisogo cha mkewe pale mbele. Nilitamani kusema kitu, mdomo huu haujawahi kukosa neno, na namshukuru Mungu siku ile ulikosa.

Mama Ciku akageuka polepole kwenye kiti.

"Tafsiri iko sawa, Baba Ciku," akasema.

Basi. Nikaona mwanamume yule anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo mgongoni, akapangusa uso kwa ile tai, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili na kuendelea pale alipoachia.

Mkiniuliza yaliyofuata, alirudi Pickering jioni ile ile. Siku hizi anakuja Jumamosi na buti zake za chuma, anazipanga mlangoni pamoja na za wengine. Wenzake wawili watatu nao wameacha kusema wako wapi, wanasema wanafanya nini, na mazungumzo yetu yamekuwa marefu zaidi. Mwenzangu wa lifti karudi kwenye lifti. Maombi ya Ciku nilialikwa, nikawekwa mbali na kipaza sauti. Na mtafsiri wa chama sasa ni Baba Ciku. Ni mbaya kuliko wote niliowahi kuwasikia. Hachekeshi, hapunguzi, busu analiita busu mbele ya mchungaji. Lakini akifika kwenye mnong'ono anatulia, na akina mama wanasogeza viti.

Ninyi mnayo mashine, mnayo muziki, mnaweza kumfanya mtu mmoja aongee sauti kumi. Mimi nilihitaji kuvuka bahari na kuzeeka ndipo nikaielewa nusu ya pili ya somo la Mzee Kondo. Sitaki kuwahubiria. Nitawaeleza tu ile Jumamosi ilivyoishia, kisha nikawahi chai.

Baba Ciku alikuwa bado anatafsiri, yule mke bado ananong'ona, mlango ukafunguliwa. Akaingia mtunza ukumbi na koti lake kubwa, theluji mabegani, akatangaza kwamba gari la kuzoa theluji limefika, magari yote yaliyoko kule nje yameegeshwa vibaya, yaondolewe sasa hivi. Nikatazama upande wa wanaume. Hakuna aliyesimama. Akarudia tangazo kwa Kiingereza cha polepole, akidhani hatujamwelewa. Tulikuwa tumemwelewa vizuri sana. Papa Mbuyi, asiye na gari, ndiye aliyemwomba afunge mlango, baridi inaingia, na atuache tumsikie yule mama anasema nini.